Sanduku Halitoki Tupu

Mafundi Kariakoo hawakuwa haba, lakini ukitaka tranka la bati lisiloingiza maji wala vumbi ulielekezwa Mtaa wa Mchikichi, kwenye kibaraza cha Zahoro. Ungeisikia nyundo yake kabla hujamwona mwenyewe. Na ukimwona ungedhani umemuudhi, maana alikunja uso kila alipokuwa akipanga vipimo kichwani. Ukali wenyewe hakuwa nao. Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na minane, vidole vimejaa makovu ya bati, na mdomo wake haukujua kutulia isipokuwa pale ulipobana misumari.

Aliwatengenezea matranka watoto wa shule za bweni, maharusi, askari wanaohamishwa, na zile familia za Kihindi zilizoondoka mwaka serikali ilipotaifisha majumba. Alipenda kusema kwamba nusu ya nguo za mji huu zimewahi kulala ndani ya bati lake. Alitia chumvi, lakini si nyingi.

Na kila tranka lililotoka mikononi mwake lilitoka na kifundo. Kilikuwa kitambaa cheupe kidogo kilichofungwa kwa uzi mwekundu, na ndani yake kitu cha kunukia. Alikiweka pembeni, mbele ya macho ya mteja, akasema maneno yale yale: "Sanduku halitoki tupu. Usikitoe mpaka ufike." Wateja wengine walicheka. Wengine walikuja kwake kwa sababu ya kifundo hicho hicho.

Waliomjua vizuri hawakucheka. Mwaka 1971 Zahoro alimtengenezea tranka mdogo wake Abdulswamad, aliyepata kazi Mwanza. Mama yao akamwambia, "Usimpe mwenzio sanduku tupu, sanduku tupu linaita msiba." Zahoro akasema hizo ni habari za wazee, akalifunga, akalipeleka stesheni hivyo hivyo. Baada ya wiki tatu tranka lilirudi kwa treni. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri, na juu yake barua ya watu wasiowajua: Abdulswamad alishikwa na homa, akazikwa huko huko. Mama hakumlaumu mwanawe hata kwa neno moja. Heri angemlaumu. Tangu siku hiyo Zahoro hakutoa tena sanduku bila kifundo. Kawaida ni kama sheria, na hii ilikuwa sheria ya mtu aliyeivunja mara moja akaonyeshwa.

Miaka ya mwanzo kifundo kilitiwa karafuu na vipande vya udi. Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa mpaka milangoni, mitumba ikamwagwa barabarani, na masanduku ya kitambaa yenye magurudumu yakaja kutoka Dubai, yakaning'inizwa kama nyama buchani. Watu wakaacha matranka. Zahoro aliweza kukaa wiki tatu bila kazi, akisuguana na masufuria na karai za kuziba matundu. Udi ulimshinda. Mkewe Badria, ambaye ndiye aliyefunga vifundo nyumbani, akaona madukani vidonge vyeupe vya kigeni, vile vya mviringo vya kufukuzia mende na wadudu wa nguo. Harufu yake ilikuwa kali na haikuisha upesi. Akaviweka hivyo badala ya karafuu. Zahoro aliona harufu imebadilika, akauliza, akaambiwa, akasema sawa. Hakuwaza zaidi ya hapo, na kwa nini awaze? Nguo hazipumui.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili mwaka 1991, joto likiwa limekaa juu ya Kariakoo kama mfuniko, mama mmoja wa Kihindi alisimama mbele ya kibaraza na kikapu mkononi. Zahoro alimtambua mara moja. Alikuwa Daksha, mama Jaimin, wa Mtaa wa Mindu kule Upanga. Tranka la harusi yake lilitoka hapo hapo miaka ishirini na tisa nyuma, wakati Zahoro bado ni fundi kijana. Mumewe, mzee Umakant, alikuwa amefariki miezi minne iliyopita.

"Fundi Zahoro, nataka nyumba," alisema.

"Mama Jaimin, mimi nyumba najenga za nguo tu. Nani anahamia?"

Akafunua kikapu. Ndani, juu ya majani ya mchicha, alikaa kobe mchanga, hazidi kisahani cha chai. Alitoa kichwa, akamtazama Zahoro kwa jicho kavu, akakirudisha. Zahoro alicheka mpaka jirani yake muuza vitenge akageuka.

"Usicheke, fundi. Huyu ni wa marehemu," Daksha alisema. "Alimwokota Pugu wiki mbili kabla hajatutoka. Daktari alimwambia asibebe mzigo, yeye akabeba kobe mfukoni mwa koti. Akaniambia, Daksha, huyu ataishi miaka mia. Nikiondoka mimi, yeye atakuwepo mpaka siku yako."

Zahoro akaacha kucheka. Akavuta kigoda, akampa mama akae.

Shida yenyewe ilikuwa safari. Alpa, binti wa ndugu yake, alikuwa anaolewa Tanga, na harusi zao haziishi kwa siku moja. Daksha angekaa huko wiki mbili. Mfanyakazi wake Mektilda alikuwa tayari kufanya kila kitu nyumbani ila kumgusa kobe, na kikapu kilikuwa kimeshindwa. Safari ya Bagamoyo kobe alitoka kikapuni, akatambaa mpaka chini ya pedali ya breki, na Jaimin, mwanawe, akaapa kwamba mnyama huyo hatapanda tena gari lake bila kufungiwa.

"Mwache hapa kwangu, mama," Zahoro alisema. "Wiki mbili ni kitu gani?"

"Na paka wa Kariakoo wote hawa?" Akafunika kikapu. "Hapana, nimemzoea. Jioni naongea naye. Jaimin anafikiri nimeanza kuchanganyikiwa, na pengine ni kweli. Kwetu kuna hadithi ya kobe aliyebeba mlima mgongoni. Huyu wangu anabeba vitu vidogo vidogo tu."

Bei hawakuishindania. Zahoro alimpima kobe kwa rula, urefu, upana na kimo, na kobe akamkojolea kiganja. Akasema hiyo ni baraka, akajifuta kwenye suruali.

Siku tatu zile alifanya kazi kwa raha ambayo hakuipata muda mrefu. Alichagua bati jipya, akalisugua mpaka likawa halikati hata kitambaa cha hariri. Akakunja kingo zote ndani, kobe asijikwaruze. Akatoboa matundu kumi na mawili madogo kwenye mfuniko, akapanga mistari mitatu, na akalehemu pembe kwa risasi ya kuyeyusha akizipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayemtafutia mtoto chawa. Chini akaweka ubao mwembamba ili bati lisimchome kobe tumboni. Wapita njia walisimama kutazama. Muuza vitenge alimtania, "Zahoro, sasa umekuwa mkandarasi wa makobe! Kesho konokono watakuja na michoro yao."

Kosa lake moja lilikuwa uzuri wa kazi. Mfuniko ulikaa barabara mno. Ulipofungwa ulitoa sauti ndogo, pff, ya hewa iliyosukumwa kwenye vitundu. Kila fundi wa matranka huifurahia sauti ile.

Alhamisi asubuhi, kabla wateja hawajafika, alifungua kopo la bati alimokuwa akihifadhi vifundo. Juu ya vifundo alilala mjusi wa ukutani, mkavu, miguu imekunjwa, tumbo juu. Pengine aliingia usiku kutafuta wadudu. Zahoro alimrusha kando kwa kidole, akachagua kifundo kizuri, akaangalia kama uzi mwekundu umekaza. Nimekwisha sema kwamba mdomo wake haukutulia. Asubuhi ile ulikuwa ukiimba.

Saa mbili gari la Jaimin lilisimama mbele ya kibaraza. Jaimin, kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye haraka za watu wa biashara, alisema "Shikamoo, mzee" bila kuzima injini. Daksha alishuka na kobe kiganjani. Zahoro alimwonyesha sanduku, akafungua na kufunga, akamsikilizisha ile pff. Daksha alilishika kwa mikono miwili, macho yakamlowa.

"Mume wangu angelipenda," alisema.

Akatandika nyasi, akamweka kobe, akamwekea na maua mawili ya asumini kutoka uani kwake. Maua meupe ndicho chakula ambacho kobe yule hakukikataa kamwe. Zahoro akaweka kifundo pembeni, karibu na maua.

"Sanduku halitoki tupu, mama Jaimin."

"Usikitoe mpaka ufike," Daksha akamalizia, akitabasamu. "Nakumbuka. Hata langu la harusi ningetaka liwe nacho, lakini wakati ule ulikuwa hujaanza."

"Wakati ule nilikuwa mjinga," Zahoro alisema.

Daksha alijua kisa cha Abdulswamad. Nani wa rika lao hakukijua? Akainamisha kichwa kidogo, akaingia garini, akaliweka sanduku mapajani na kulitandikia mtandio juu ili upepo wa dirishani usimpige kobe wake. Gari likaondoka. Zahoro alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea nyuma ya mikokoteni, akajisikia mtu aliyetenda jema.

Alasiri alirudi kutoka kuswali, akaketi kufunga vyombo. Chini, pale alipomrusha yule mjusi, palikuwa na msafara wa sisimizi. Kariakoo sisimizi hawaachi kitu. Nzi akianguka, kabla hujageuka ameshabebwa. Lakini msafara huu ulifika karibu na mjusi, ukapinda, ukampita mbali, ukaendelea na safari yake. Zahoro aliutazama kwa muda. Akamgusa mjusi kwa ncha ya msumari, akamsogeza njiani mwao. Sisimizi wakatawanyika, wakajipanga upya, wakapinda tena.

Akautupa msumari chini. Akafungua kopo. Harufu ikampiga usoni, na safari hii aliisikia kweli, kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza. Akakata uzi wa kifundo kimoja. Vidonge vinne vikadondoka kiganjani, vyeupe pe, vya mviringo. Akawaza maua ya asumini.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kibaraza. Alimkuta Badria anachambua mchele.

"Mama Kuruthumu, vidonge hivi vinaua nini?"

"Si mende hao. Na mbu wakikaa karibu." Badria akainua uso, akamwona alivyokuwa. "Baba Kuruthumu, una nini?"

"Mnyama akifungiwa navyo?"

Mikono ya Badria iliacha kuchambua. Aliweka ungo chini polepole, na mchele ukamwagika hata hivyo.

Zahoro hakusubiri usafiri. Alitembea, kisha akakimbia, na mtu wa miaka hamsini na minane akikimbia Kariakoo watu hudhani ameibiwa, wakamwuliza mwizi yuko wapi. Akakatiza makutano ya Faya, akaingia Upanga, kanzu imemganda mgongoni. Njiani alijipa moyo. Matundu kumi na mawili yapo. Kobe ni mgumu. Labda Jaimin, kwa haraka zake, amekitupa. Alijikuta anaomba Jaimin awe mtu asiye na adabu.

Mektilda alifungua mlango, akamsikiliza, akamwonyesha simu. Namba ya Tanga ilikuwa imeandikwa kwa penseli ukutani. Mara tatu simu ilikata. Mara ya nne iliita muda mrefu, na nyuma ya sauti ya aliyepokea zilisikika ngoma na wanawake wanacheka. Zahoro alimtaka mama Jaimin. Akangoja. Ngoma zikaendelea.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Daksha, na haikuwa ya mtu aliye harusini.

"Mama Jaimin, ni mimi Zahoro. Kile kifundo, kitoe! Kitoe sasa hivi, umweke kobe penye hewa!"

"Nimekitoa, fundi. Nimekitoa tulipofika, kama ulivyosema."

Zahoro alikaa sakafuni na mkono wa simu sikioni.

"Yukoje?"

"Hajatoa kichwa tangu Chalinze. Nimemwagia maji. Ana povu kidogo mdomoni." Ngoma zikasikika. "Jaimin alisema harufu inamuumiza kichwa. Pale Segera alitaka kukitupa dirishani. Mimi nikamkatalia. Nikamsimulia habari za mdogo wako, nikamwambia, mtu amefiwa kwa jambo hili, hatuwezi kumdharau. Nikalifunika sanduku vizuri na mtandio."

"Mama..."

"Anapumua, fundi? Kobe unajuaje kama anapumua?"

Zahoro hakujua. Alifungua mdomo amwambie chochote, na simu ikakata. Walijaribu tena mpaka Mektilda akamwonea huruma, akamletea maji ya kunywa. Kule upande wa pili hapakuwa na mtu wa kupokea.

Ukitaka kumjua mtu, mtazame akiwa na jambo lisilo na jibu. Zile wiki mbili Zahoro alipungua hata kofia ikamlegea. Aligonga bati bila kutengeneza kitu. Alikwenda Upanga mara tano kumwuliza Mektilda kama kuna habari, na mara ya tano alisimama tu ng'ambo ya barabara, akaona madirisha yamefungwa, akarudi. Kopo la vifundo alilitia moto jalalani pamoja na vilivyokuwamo. Moshi wake ulikuwa mzito, na watoto waliambiwa wasiukaribie. Badria alisema huenda kobe amepona, makobe ni viumbe vya ajabu, hujifanya wamekufa. Alisema hivyo kila siku, na kila siku kwa sauti ndogo zaidi. Zahoro alimwambia mkewe kwamba kosa ni lake yeye mwenyewe, si la aliyefunga uzi. Hilo alilisema kwa dhati, na lilikuwa kweli.

Gari likaja Ijumaa, karibu na adhuhuri. Jaimin hakushuka wala hakuamkia. Alikaa ameshika usukani, akitazama mbele. Daksha ndiye aliyeshuka, na sanduku kalibeba mikononi.

Miaka arobaini ya kutazama watu wakibeba masanduku ilimfundisha Zahoro kitu kimoja: mabega hayadanganyi. Unaweza kujua kilichomo kabla mfuniko haujafunguliwa. Alimtazama Daksha akivuka mfereji, akapanda kibaraza, mabega yamenyooka, mikono haielemewi. Akajua.

Daksha aliweka sanduku juu ya benchi. Lilikuwa limesafishwa, linang'aa kama siku ile.

"Fungua, fundi."

Zahoro alifungua. Hewa ikatoka, pff. Ndani hapakuwa na nyasi wala ua. Pembeni, pale pale alipokiweka, kilikaa kifundo na uzi wake mwekundu. Ncha moja ya kitambaa ilikuwa imetafunwa, na kwenye tundu lililobaki kilionekana kidonge, kikiwa na alama ndogo ya mdomo.

"Alidhani ni maua," Daksha alisema. "Nimemzika kwa Alpa, chini ya mwasumini. Sikuwaambia maharusi."

"Mama Jaimin, ni mkono wangu huu. Nihukumu utakavyo."

"Najua ni mkono wako. Na sikio lililokusikiliza ni langu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Zahoro. Alisawazisha mtandio, akatazama mikono yake mitupu kana kwamba amesahau imetoka wapi. "Sanduku nimekurudishia. Sina wa kumweka. Lakini sanduku halitoki tupu, si ndivyo? Na mimi sikutaka kukurudishia tupu."

Akashuka. Gari likaenda zake. Muuza vitenge, aliyekuwa na utani kila siku, aligeuza uso akaanza kukunja vitenge vilivyokuwa tayari vimekunjwa.

Badria alitoka ndani akamkuta mumewe amesimama mbele ya sanduku lililo wazi, mikono imening'inia. Akachungulia, akaona kifundo alichokifunga kwa mikono yake, na ncha iliyotafunwa. Machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono akitoe, akakitie moto kama wenzake, yaishe.

Zahoro akamshika kiganja.

"Usikitoe, mama Kuruthumu," alisema. "Litabaki tupu."